Nilimtaja Mtunzi wa Wimbo, Akalaumiwa Mdogo Wake

Admin, nifichie jina. Nina miaka 71, mama wa watoto sita, naishi Shinyanga. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Miaka ya sabini tulihamishwa kwenda kijiji kipya. Nyumba zetu ziling'olewa paa, mtama tukauacha shambani, na tukakatazwa kurudi kuuvuna. Watoto walilala njaa huku ndege wakishiba.

Mume wangu, nimwite Masanja, wakati huo alikuwa mchumba wangu. Alikuwa ningi, yaani mtunzi wa nyimbo za ngoma yetu. Akatunga wimbo wa Kisukuma unaouliza huu mtama ni wa nani, wetu au wa ndege. Kiongozi mmoja mkubwa alipotutembelea, tuliuimba sisi wanawake, Masanja akajichanganya na watu nyuma asijulikane. Kijiji kizima kiliitikia. Wazee walilia. Wiki ileile tukaruhusiwa kwenda kuvuna.

Lakini viongozi wa kijiji waliona tumewaaibisha. Wakaniita ofisini.

"Binti, nani katunga? Usiposema, leo baba yako analala ndani."

Baba alikuwa mgonjwa wa kifua. Nikamtaja Masanja.

Walimkamata akipalilia pamba. Alirudi baada ya miezi mitano, mkono wa kushoto haunyooki. Hajaimba tena, hata siku ya harusi yetu hakuimba.

Mimi hakunishuku. Alimshuku mdogo wake, kwa kuwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kupeleka habari kwa viongozi.

"Wewe ndiye uliyeniuza!"

"Kaka, naapa kwa mama yetu, sijasema neno."

Nilikuwa nimesimama palepale na beseni la maji mkononi. Nikanyamaza. Mpaka leo hawajasalimiana, na watoto wangu hawamjui baba yao mdogo.

Sasa shemeji amelazwa, hali mbaya. Juzi binti yake alikuja, akapiga magoti. "Shikamoo, mama mkubwa. Baba anaomba kaka yake aende amwone tu."

Masanja akajibu kutoka ndani: "Mwambie mimi nilishamzika."

Mara tatu nimeanza kumwambia ukweli. Jana alinishika mkono akasema, "Mama Kabula, wewe peke yako hukunigeuka." Nikaenda jikoni kulia.

Daktari anasema ni siku chache. Nikisema, namuua mume wangu kwa uchungu. Nisiposema, shemeji anakufa na kosa langu. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mngekuwa mimi mngeanzaje?