Santuri Niliyoichagua Ina Mkwaruzo

Siku yangu ya kwanza kazini redioni sikuruhusiwa kugusa santuri hata moja. Mkuu wa Maktaba ya Muziki, Mganda mfupi ambaye koti lake la kijivu halikumtoka mwilini hata jua liwake vipi, alinipa sahani ya bati, ile ya kulia posho, yaani ugali, akaniamuru nizunguke nayo chumbani nikiwa nimeibana ukingoni kwa viganja viwili. Nilizunguka asubuhi nzima. Watu wa chumba cha habari walikuwa wakichungulia mlangoni na kucheka. Nilipoanza kununa, Mzee, ndivyo tulivyomwita, akaniambia kwa kuniita bibi kwa Kiganda, “Nyabo, santuri shika kwa mbavu. Uso yake ni ya sindano peke yake.”

Sasa vijana wa redio za siku hizi wameniomba mimi mstaafu nichague santuri moja ndefu, yaani LP, ya miaka ya sabini ninayoipenda kuliko zote, nami niseme kwa nini. Wanadhani ni swali jepesi, maana wao huchagua kwa kidole kwenye simu. Kwetu, santuri mpya haikupata nafasi rafuni mpaka isikilizwe yote, wimbo kwa wimbo, pande zote mbili, hata iwe ya kwaya mbaya namna gani. Mzee hakuwa na mzaha katika hilo. Na kwaya mbaya nimezisikia, wanangu, acheni tu.

Mimi ni binti wa kambi ya polisi. Baba alitoka kaskazini, mama pia, lakini kambini sote tulilelewa na Kiswahili, na wanajeshi waliokuwa wakitawala walikitaka hewani. Ndiyo maana baada ya mimi kuivumilia sahani ya bati na vumbi la rafu, Mkuu wa Vipindi alinihamishia studio, kwenye kipindi cha salamu cha Jumamosi mchana. Huyo Mkuu wa Vipindi alichukia kimya kuliko alivyochukia uongo. Ili wimbo uingie mara tu mtangazaji anapofunga mdomo, unaitafuta sauti ya kwanza kwa sindano, unairudisha santuri nyuma robo mzunguko, kisha unaizuia kwa ncha ya kidole huku mtambo ukizunguka chini yake. Nilipenda kazi ile. Naipenda hadi leo, na vidole vyangu bado vinaikumbuka.

Santuri ninayoichagua ilitoka kwa bendi ya Wakongo waliokuwa wakipiga ukumbi mmoja karibu na uwanja wa mpira wa Nakivubo. Jaladani wamesimama wanaume sita wenye suruali pana, na mpiga gitaa wa pili amefumba macho, nadhani kwa bahati mbaya. Kulikuwa na “Viatu Vipya,” wimbo wa mtu aliyenunua viatu akakataa kurudi nyumbani kabla mtaa mzima haujaviona. Huo ulichezwa kila harusi. Na kulikuwa na “Nani Amemuona,” wa mke anayemuulizia mumewe kwa muuza mkaa, kwa katekista, kwa jirani. Gitaa lake la mwanzo lilikuwa peke yake kwa muda mrefu kabla ya sauti kuingia.

Mdogo wangu Auma aliolewa na sajini wa polisi, mtu wa kwetu kaskazini. Asubuhi moja sajini aliitwa kazini na gari ambalo halikuwa la polisi, akapanda, na hakurudi. Auma alikwenda kuulizia mara moja tu. Aliyemjibu alimwambia akiuliza tena atapelekwa hukohuko alikokwenda mumewe. Akarudi nyumbani, kisha akaanza kuleta kadi za salamu. Kila Jumamosi: salamu kwa mume wangu popote alipo, naomba “Nani Amemuona.” Kumuulizia mtu ofisini kulikuwa hatari, lakini kumuulizia kwa wimbo kulikuwa salamu tu. Wanawake wengine wakaliona hilo. Kadi zikawa nyingi, na zote ziliomba wimbo uleule.

Wakubwa nao hawakuwa viziwi. Ikatoka amri kwamba wimbo uharibiwe. Namna yake ilikuwa hii: santuri haikutupwa, kwa sababu nyimbo nyingine zilihitajika, bali wimbo uliokatazwa ulikwaruzwa kwa msumari ili sindano iruke. Tulikuwa na nakala moja tu. Wahindi wenye maduka ya santuri walikuwa wamefukuzwa nchini, na bendi ilikwisha kurudi kwao. Ukikwaruzwa, basi, umekwenda. Nilimwambia Mzee kwamba mdogo wangu hana kingine. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

Kapteni, ndiye aliyekuwa Afisa Usalama wa kituo, alikataa tumkwaruzie sisi. Alitaka kuifanya kazi mwenyewe. Akasoma jalada: upande wa kwanza, wimbo wa tatu. Akaichukua santuri kwa mkono mzima, vidole usoni, nikamwona Mzee anakunja uso kama aliyekanyagwa. Kapteni akatafuta upande ulioandikwa namba moja, akahesabu mpaka wa tatu.

Hapo nikakumbuka jambo. Kiwandani walikuwa wamebandika karatasi za katikati kinyume: upande wa kwanza uliandikwa wa pili, na wa pili uliandikwa wa kwanza. Hilo hulijui mpaka uisikilize santuri yote, na waliokuwa wameisikiliza yote ni Mzee na mimi.

Mzee aliniangalia. Nadhani alijua uso wangu haujui kutunza kitu.

“Nyabo,” akasema polepole, “wewe enda letea afande chai.”

Nilikwenda. Nilimwaga maziwa kwa haraka. Niliporudi msumari ulikwisha kupita, na Kapteni alikuwa akiijaribu sindano kwa macho tu, maana Mzee hakuwa amewasha spika. Iliruka mara moja, ikateleza, ikaruka tena. “Hii nyimbo imekufa,” alisema, akanywa chai yangu yote. Alikuwa ameua “Viatu Vipya.” Baadaye alimuuliza Mzee mbona wimbo ule wa viatu hausikiki siku hizi, yeye anaupenda sana.

“Santuri imechoka, afande,” Mzee akamwambia.

“Nani Amemuona” usingeweza kutangazwa tena, hilo tulilijua. Lakini Jumamosi iliyofuata, mtangazaji alipokuwa akisoma salamu, Mzee alikuja studio mwenyewe, akaweka santuri, akaliacha lile gitaa la mwanzo lipite chini ya majina, akanyanyua sindano kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Gitaa tupu halina maneno ya kukatazwa. Nilipofika nyumbani Auma alikuwa amekaa mbele ya redio na sufuria ya maharage imeungua. “Nimesikia,” alisema. Tuliendelea hivyo Jumamosi zote mpaka utawala ule ulipoanguka. Nilimpenda mzee yule kama baba, na sikumwambia vya kutosha.

Vijana mtataka sababu za kitaalamu. Haya: magitaa yanasikilizana, ngoma haziringi, na kila wimbo unajua pa kuishia. Nimestaafu, masikio yangu bado mazima, na hayo ni kweli. Lakini nimeichagua kwa ajili ya Jumamosi ya kwanza baada ya wanajeshi wale kukimbia. Niliitayarisha santuri kwenye “Nani Amemuona,” nikiwa nimedhamiria kuupiga wote, sauti na maneno, mji mzima usikie. Auma akaingia studio mwenyewe, bila kadi, amevaa gauni ambalo hakuwa amelivaa tangu gari lile lije.

“Dada, geuza,” akasema. “Nimeuliza ya kutosha. Pigia mimi ya viatu.”

Nikamwambia ule umekwaruzwa, utaruka.

“Acha iruke.”

Nikageuza. Mkuu wa Vipindi alikuja mbio kwa ajili ya kelele ile, akamwona Auma anacheza, akaishia mlangoni. Kila sindano iliporuka, Auma alisimama. Iliposhika tena, aliendelea kucheza, machozi yakimtiririka, mpaka wimbo ulipokwisha.