Koasta ya Mathias na Milima ya Umatengo

Walburga alikuwa amevuka miaka sitini bila kufika mbali zaidi ya Peramiho. Ni mshonaji wetu hapa Mjimwema, na sare za kwaya ya parokia karibu zote zimepita mikononi mwake. Aliyesafiri ni mumewe, Mathias, dereva wa malori. Alipeleka mahindi Dar es Salaam, akarudi na saruji na mabati, na kila aliporudi alimsimulia mkewe habari za milima: ukungu wa Lukumburu, baridi ya Njombe, na Ziwa Nyasa linavyoonekana kutoka juu kule Umatengo. Alikuwa akisema ipo siku atampeleka akaone mwenyewe. Wakazaa, wakasomesha, wakazika mtoto mmoja, na siku hiyo haikufika.

Mathias alipostaafu, watalii wawili wa Kizungu waliomba kulala uwanja wa parokia. Walikuwa na gari lenye kitanda na jiko ndani, wanaelekea Mbamba Bay. Mathias alilizunguka gari lile asubuhi nzima, mwishowe akaomba aonyeshwe ndani. Tangu hapo hakutulia. Alinunua Koasta kuukuu, basi dogo la abiria, akang'oa viti, akamwita seremala. Kikapigwa kitanda, meza ya kukunja na kabati la vyombo. Jiko la gesi likafungwa kwa mnyororo lisicheze njiani. Walburga akashona mapazia. Sisi majirani tulicheka. Tulimuuliza mtu mwenye nyumba ya bati anakwendaje kulala garini. Alijibu kwamba hata wale Wazungu wana nyumba kwao.

Jambo ambalo hatukulijua, na ambalo Walburga alikuwa ameliona bila kulipa jina, ni kwamba Mathias alikuwa ameanza kupotea. Alitia chumvi kwenye chai akainywa. Alimwita binti yao Leticia kwa jina la shangazi yake aliyekufa zamani. Siku moja alitoka kununua mkate, akarudishwa na mtu wa bodaboda aliyemkuta mbali, anatafuta gereji iliyokwisha kubomolewa. Leticia, anayefanya kazi Iringa, alisihi kwenye simu kwamba baba apelekwe hospitali kwanza. Mathias akasema ataenda wakirudi.

Waliondoka mwezi wa sita, mahindi yamekwisha kuvunwa. Siku ya kwanza ilikuwa njema. Walipita Mbinga, wakaacha lami, wakapanda. Mathias alisimamisha gari kila penye upenyo. Alimwonyesha mashamba ya ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko mikali ili mvua isichukue udongo. Mlima mzima ulionekana kama sega la nyuki. Alimwonyesha mibuni, maporomoko madogo ya maji, na makanisa ya matofali yaliyokaa juu ya vilele. Walipika wali, wakala wakiwa wamekaa mlangoni mwa Koasta miguu ikining'inia. Mathias alisema kesho wangefika ukingoni na ziwa lingekuwa chini yao. Walburga ananiambia kwamba katika ndoa yao yote hawakuwahi kuongea kiasi kile.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito. Walburga alitaka wasubiri, lakini Mathias aliwasha gari. Barabara ilikuwa nyembamba, ukuta wa mlima kulia, korongo kushoto. Aliendesha muda mrefu. Kisha akageuka kidogo, akauliza kwa upole:

"Mama, wewe unashukia wapi?"

Walburga alidhani ni utani. Akajibu kwamba atashukia atakaposhukia yeye.

"Hapana, mama. Mimi nina mzigo wa watu, siruhusiwi kubeba abiria. Nilikuhurumia kwa sababu ya baridi tu."

Hapo alimtazama usoni. Hakukuwa na utani. Macho yake yalikuwa na adabu, kama ya mwanamume anayemtazama mke wa mtu mwingine.

Mathias alianza kwenda kasi. Alisema amechelewa, mzigo unangojwa Makambako. Kwenye kona moja vyombo vilimwagika kabatini, na Walburga akasikia mawe yakiporomoka upande wa korongo. Hajui kuendesha. Alitaka kupiga kelele, akaogopa kumshtua. Akajikaza, sauti ikatoka kama ya abiria yeyote.

"Baba, naomba unishushe hapa. Nimefika kwangu."

Mathias akasimamisha gari vizuri, akavuta breki ya mkono, akashuka kwenda kumtolea begi lake, kama alivyokuwa akiwafanyia miaka yote watu aliowahurumia njiani. Alipokuwa nyuma, Walburga alijivuta hadi kwenye usukani, akazima injini, akachomoa ufunguo.

Mathias alipouona mkononi mwake aliuomba kwa heshima. Kisha akasihi. Kisha akamkamata mkono, na alipoona hauachii, akampiga ngumi mdomoni. Hakuwahi kumpiga hata siku moja. Alipoinua mkono tena, Walburga akautupa ufunguo korongoni. Mathias akasimama, akasikiliza ukigonga mawe huko chini, kisha akakaa barabarani akalia, akiuliza mzigo wa watu utafikaje.

Hivyo ndivyo alivyowakuta Thadei, mkulima wa kahawa aliyekuwa anakwenda shambani: mzee analia chini, bibi anavuja damu mdomoni. Aliwaamkia shikamoo wote wawili. Alimshika mzee mkono, akawapeleka nyumbani kwake, mkewe akawapa uji karibu na moto.

Akili zilimrudia Mathias pale motoni. Alimtazama mkewe, akasogeza kibatari cha jikoni aone vizuri.

"Nani amekupiga?"

"Nilianguka," Walburga alisema.

Mathias aliuangalia mkono wake mwenyewe wa kulia, vifundo vilivyochubuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua inakuja. Ndiyo maana nilifanya haraka. Nilitaka ulione ziwa kabla sijalisahau."

Thadei alipiga simu Mbinga, akaja dereva aitwaye Bakili, akaunganisha nyaya, injini ikawaka bila ufunguo. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Bakili akasema ukingo hauko mbali, kama wanataka angewafikisha waone kisha wageuze. Walburga alimtazama mumewe, aliyekuwa amelala kwenye kile kitanda, viatu miguuni. Akasema hapana, warudi nyumbani.

Hospitalini waliambiwa ni ugonjwa wa kusahau, nao hauna tiba, huzidi tu. Leticia alikuja, akalia, akarudi kazini. Walburga alificha kila ufunguo, ukiwemo ule wa akiba wa Koasta. Lakini mikono ya dereva haikuwa imesahau: alfajiri moja tuliamshwa na mngurumo, tukamkuta Mathias ameunganisha nyaya mwenyewe, Koasta imekwisha kubomoa ua wa jirani. Siku hiyo hiyo Walburga alimwita fundi, magurudumu yote yakatolewa, gari likawekwa juu ya matofali.

Sasa kila asubuhi Mathias hutoka, analizunguka gari, anainama kila upande. Halafu anaanza kulalamika kwamba wezi wamechukua matairi ya tajiri wake, na kwamba yeye ndiye atakayelaumiwa. Humwuliza yule mama wa pale nyumbani, ambaye jina lake halijui, kama polisi wameitwa. Walburga humjibu kwamba wameitwa, wako njiani. Humshika mkono, humrudisha ndani akanywe chai, na yeye humshukuru sana, akisema katika barabara zote alizopita hajakuta watu wema kama wa nyumba hii.