Mshono wa Mama kwenye Shitingi

Enzi zetu hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, hakuna kilichotupwa. Kopo la mafuta liligeuka taa, tairi lililochoka likawa sandali, na dumu lililopasuka liliyeyushiwa kiraka kwa kisu cha moto, likarudi bombani kama halijawahi kuugua. Vijana wa leo kizibo tu kikipotea wanatupa dumu zima, halafu wanaenda semina kufundishwa kutotupa. Sisi hatukuwa na semina. Tulikuwa na kukosa.

Nakumbuka nilipoingia darasa la tatu nilitamani mfuko wa madaftari. Nikatazama juu ya kitanda cha mama, nikaona shitingi, lile turubai jeupe la paa letu, limepandana mara mbili. Nikajiambia, fasi hii ni ya ziada. Nikaikata, nikajishonea mfuko. Mchana uleule mvua ilitoka upande wa Endiinzi, ikaingia kwetu bila hodi, ikajilaza kitandani.

Mama aliporudi kutoka shambani hakunipiga. Alikamua blanketi, akasema, "Mwanangu, umesoma mingi mpaka umefungua nyumba." Kisha akafumua mfuko wangu na kuurudisha paani. Alikunja ukingo, akatumia uzi wa gunia la mahindi na kijiko cha moto cha kuyeyushia plastiki. Tone halikupita tena. Alishonaje hasa, kipi kilitangulia, sikuona. Nilikuwa nimenuna, nimegeukia ukuta.

Ukuta ule ndio unaonitesa sasa. Binti yangu Furaha anashona mifuko ya shitingi kuukuu. Kesho anapeleka mmoja Mbarara, kule Kamukuzi, kwa watu wanaochagua vijana wa kufundishwa ufundi huo. Wataujaza maji, ukivuja, anarudi nyumbani. Akaniomba nimshonee kitako, "kama bibi alivyofanya." Niliona haya kusema sijui, nikashika sindano. Mimi ambaye Mbarara naenda kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino, safari ya mtoto imekaa kwenye sindano yangu.

Yeye hakugeukia ukuta. Alikodolea macho kila mshono.

"Papa, kijiko kinapita mbele ya uzi ama nyuma yake?"

"Nyuma, uzi ukishapita," nilijibu kwa sauti ya fundi mkuu. Nilibahatisha. Mama wa kumuuliza tulimzika zamani.

Tangu asubuhi mfuko unaning'inia mlangoni, umejaa maji, chini yake nimetandika gazeti. Kila nikikaa, nainuka tena kupapasa kitako.

"Papa, huo si ng'ombe, acha kuukamua," Furaha ananitania, lakini naye macho hayabanduki kwenye gazeti.

Mpaka sasa ni kavu. Nimeligusa tena sasa hivi.

Tulipokuwa wadogo tulitazama juu, tukihofia maji yataingia. Leo natazama chini, nikihofia yatatoka. Ila zamani paa lilipovuja nililia tu, nikijua yupo mtu wa kushona. Siku hizi mtu huyo, eti, ni mimi.