Kona ya Mwalimu Bashira

Bashira Msabah hakuja Mjini Unguja kuwa mwalimu. Alitoka kwao Mkokotoni kwa ajili ya kuolewa, na ndoa ilipovunjika akabaki na watoto wawili na chumba cha ghorofani mtaa wa Kiponda, ambacho mvua ikinyesha hubidi godoro lihamishwe. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kufagia skuli ya maandalizi, ya watoto wadogo, iliyokuwa hapo hapo mtaani.

Akiwa na ufagio wake mlangoni ndipo alipoona namna watoto wanavyofundishwa. Walikaa kwenye mabenchi marefu, miguu inaning'inia, wakiimba herufi kwa sauti moja tangu asubuhi mpaka wakati wa uji. Palikuwa na kijana mmoja mdogo ambaye penseli ilikuwa ikimponyoka kila akiishika, na kila ikimponyoka alipigwa kofi la mkono. Siku moja Bashira alimchukua wakati wa mapumziko, akampa donge la unga wa ngano alilolikanda nyumbani, akamwambia alifinye anavyotaka. Alimfanyia hivyo siku kadhaa, bila ya kumwambia mtu. Vidole vya mtoto vikapata nguvu. Penseli ikakaa.

"Nani aliyekufundisha hayo?" mwalimu mkuu wa wakati ule alimuuliza, habari ilipomfikia.

"Hakuna. Kwetu mtoto huanza kukanda kabla hajaanza kupika."

Akapelekwa kwenye mafunzo ya walimu wa maandalizi. Huko alilala chandarua kimoja na Time Shaame, msichana mchangamfu aliyekuwa akiogopa mitihani kuliko mauti. Usiku Bashira akimsomesha, asubuhi Time akimsuka nywele. Walimaliza pamoja, wakapangiwa skuli moja, na baada ya miaka Time ndiye aliyefanywa mwalimu mkuu. Bashira alifurahi kama aliyepewa yeye.

Darasani mwake alitenga kona. Aliweka vifuu vya nazi na ndoo ya maji, watoto wamimine na wapime wenyewe kipi kinajaza kipi. Aliweka sinia la mchanga, waandike herufi kwa kidole na wafute bila ya kuogopa. Binamu yake Jecha, kibarua wa shamba la viungo Kizimbani, alimletea karafuu, mdalasini na mchaichai. Bashira akavishona kwenye vifuko vya kitambaa, watoto wakafumbwa macho wanuse na kutaja. Na za kuhesabia alikuwa na kokwa za ukwaju, alizoziosha na kuzianika juani mpaka zikang'ara.

Wazazi hawakuvutiwa. Mtoto anarudi na mchanga masikioni, nyumbani anaulizwa umesoma nini leo, anajibu amemimina maji. Abrahman, muuza vitambaa wa Darajani, alikuja mwenyewe. Binti yake Khairat alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka minne.

"Mwalimu, mie nimemleta kusoma. Kucheza anacheza kwetu, bure."

"Anasoma, Sheikh. Mikono yake ndiyo inayotangulia."

Abrahman alitazama ile ndoo ya maji, akatikisa kichwa, akaenda zake. Lakini hakumtoa mtoto. Baadaye kidogo wakaanza kuja wageni, watu wa miradi ya elimu, wakaipenda ile kona kuliko kitu chochote hapo skuli. Bi Time akawa anawaongoza moja kwa moja hadi pale. "Hii ndiyo njia yetu," akisema. Wakampiga picha Bashira ameshika kokwa za ukwaju viganja viwili, watoto wamemzunguka, na picha ikatundikwa ofisini.

Siku ya ajali yenyewe walikuja wageni pia. Darasa lilijaa, na msaidizi wa Bashira alikuwa Nadra, msichana aliyemaliza skuli juzi juzi, mwepesi na mpole. Watoto walikuwa chini, wamegawanyika makundi, wanahesabu. Bi Time akatokeza mlangoni.

"Nadra, njoo ututilie chai."

"Mwalimu, nitabaki peke yangu hapa," Bashira alisema.

"Dakika mbili tu, Bashira. Wageni hao."

Nadra akaenda. Kwenye kundi la ndooni mtoto alimwagia mwenzake maji, kukazuka kilio, Bashira akageuka kuwaamua. Alipogeuka tena, Khairat alikuwa amesimama, mdomo wazi, hatoi sauti. Kokwa alikuwa ameitia puani, akavuta pumzi, ikashuka. Uso ulikuwa unabadilika rangi.

Bashira alimpindua juu ya goti lake, akampiga mgongoni kwa kiganja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikatoka pumzi nyembamba yenye mluzi, basi. Akambeba. Alitoka mbio bila ya viatu, akapita vichochoroni akiwapigia watu kelele wampishe, mpaka barabarani, ambako mwenye bodaboda aliwapakia bila ya kuuliza. Hospitali waliitoa ile kokwa. Daktari alisema mtoto asingefika hai kama mwalimu asingempindua vile mwanzo. Alimwambia Bashira peke yake, ukumbini. Abrahman alipofika na mkewe, daktari alikuwa na mgonjwa mwengine.

Abrahman hakumsalimu. Alimwangalia miguu, iliyokuwa na damu, kisha akasema, "Wewe na takataka zako. Ungeniulia mwanangu."

Mtoto alikuwa chini ya mikono ya Bashira ajali ilipotokea, na Bashira mwenyewe ndani ya nafsi yake alikuwa akisema hayo hayo.

Kamati ya skuli ilikaa baada ya sala ya alasiri, ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa mtaa, mtu wa haki kwa kawaida yake.

"Mlikuwa walimu wangapi darasani?"

"Mimi peke yangu," Bashira alisema.

"Na msaidizi?"

"Aliitwa akatie chai."

"Aliitwa na nani?"

Bashira alimtazama Bi Time. Bi Time alilivuta buibui lake vizuri begani.

"Mie nilikuwa na wageni," alisema. "Sikumwita mtu."

Mzee akamgeukia Nadra. Msichana aliangalia sakafu. "Nilikwenda msalani," akasema, kwa sauti ambayo ilibidi arudie.

"Na hizo kokwa? Ni mpango wa skuli?"

"Ni mambo yake mwenyewe," Bi Time alijibu. "Nshamwambia mara nyingi apunguze."

Picha ilikuwa ukutani juu ya kichwa cha Bi Time, viganja vimejaa. Aliyeitazama ni Bashira tu. Alingoja mtu aseme kitu, mmoja tu, kisha akaona hakuna, akasema yeye.

"Kweli nilimpa mtoto mgongo. Hilo nnalikubali, na nnamwomba Mungu anisamehe. Lakini nilikuwa peke yangu, na sikujitakia kuwa peke yangu."

"Maneno matupu hayo," alisema Abrahman, aliyekaa na wazazi wenzake, na watu wakaguna kumuunga mkono.

Hawakumfukuza. Walimwambia abaki, kwa sharti kona iondoke na watoto warudi kwenye mabenchi, wasome kama watoto wa skuli nyengine. Bashira alifikiri kuondoka. Lakini mama yake kule Mkokotoni alikuwa hawezi tena kusimama kwa miguu, wanawe bado wanasoma, na habari ilishatembea Mjini. Skuli gani ingemchukua mwalimu aliyetaka kuua mtoto? Akabaki.

Aliivunja kona yake mwenyewe. Vifuu alivipeleka jaani, mchanga akaumwaga uani, vifuko vya viungo akavitia mkobani halafu akavitoa tena, akavitupa navyo. Bi Time alikuja akasimama mlangoni.

"Bashira, wangenivua ukuu. Ungekuwa wewe mahali pangu, ungefanyaje?"

"Ningesema nilimwita."

Bi Time akaondoka. Tangu siku ile walisalimiana kwa ajili ya sunna tu.

Nadra alikuja baadaye, mwishoni mwa muhula, alipokwisha kupewa darasa lake mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwalimu, nliogopa."

"Najua."

"Unanisamehe?"

"Wafungulie watoto mlango," Bashira alimwambia. "Wanataka kutoka."

Khairat alihamishwa. Bashira alikutana naye mara moja Darajani, yuko na baba yake, amekuwa mrefu. Mtoto alimwona kwanza. "Mwalimu!" alipiga kelele, akamkimbilia na kumkumbatia magoti. Abrahman akaja akamshika mkono, akamvuta, taratibu, kama mtu anayemwondoa mwanawe kwenye moto. Bashira alisahau alichokwenda kununua.

Miaka imepita. Darasa la Bashira sasa ndilo tulivu kuliko yote. Watoto hukaa mikono imekunjwa kifuani, huimba a, e, i, o, u, huimba moja mpaka mia, na wazazi hupita dirishani wakasikia, wakaridhika. Wanamsifu. Anaamkiwa kwa heshima barazani. Yeye hujibu marahaba na kupita.

Mwaka huu kaletewa mtoto anayeitwa Ubwa, mkaidi kidogo, mwingi wa maswali. Asubuhi moja Ubwa aliingia na nyoya la kunguru, jeusi, refu, aliloliokota njiani. Wenzake walipokuwa wanaimba alilitoa chini ya benchi akawa analipitisha shavuni, kisha kwenye kiganja, kisha akalipuliza kuona vinyweleo vinavyofunguka na kufunga. Bashira alimwona. Alisimama akamtazama kwa muda, naye Ubwa akainua uso, akacheka.

"Mwalimu, tazama! Ukilipuliza linajifungua."

"Lete hapa."

Mtoto alimpa kwa mikono miwili. Bashira alikwenda dirishani akalitupa nje, kichochoroni.

"Kaa. Kunja mikono."

Ubwa hakulia. Alimtazama tu, kwa mshangao, kama anayengoja aambiwe kosa lake ni lipi. Bashira alimgeuzia mgongo, akaanza tena a, e, i, na sauti yake ikakatika kwenye o. Watoto walimalizia peke yao.

Jioni alimpigia simu Jecha. Walizungumza ya mama na ya mvua, halafu akamwambia, "Leo nimemnyang'anya mtoto nyoya la kunguru."

Jecha alicheka sana, akidhani ni mzaha.

Siku ya pili Ubwa aliingia darasani mikono mitupu. Alikaa mahali pake, akaikunja kabla hajaambiwa.