Mama Kutu na Maharage Yaliyopona

Kazini, kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, wanamwita Mama Kutu, naye kashachoka kukasirika. Anaotesha maharage ili yaugue. Katikati ya mbegu anazozipima hupanda mistari ya aina dhaifu, inayoshikwa upesi na kutu ya majani, ili ugonjwa usambae kwenye mistari ya jirani. Mmea utakaobaki na majani mazima hapo ndio anaoutafuta. Amechuja mbegu kwa misimu mingi, na huu ulikuwa wa kuamua mbegu ipi ipelekwe kwa wakulima.

Aliporudi kutoka hospitali alikokuwa akimuuguza mwanawe, alikuta shamba limenawiri kupita kiasi. Mistari dhaifu ilikuwa imechipua majani mapya, safi. Akasugua jani kwa kidole. Badala ya unga wa kahawia wa kutu, kidole kilitoka na harufu ya dawa.

Msimamizi mpya wa shamba alimfuata, bomba la kunyunyizia mgongoni, uso umejaa furaha.

"Pole na mgonjwa, dada. Yule umemuuguza wewe, hawa nimewauguza mimi."

"Nani kakwambia upige dawa?"

"Mpaka niambiwe? Wageni walikuwa wanakuja. Maharage yalikuwa yanatia aibu."

"Yalitakiwa yatie aibu, kaka. Sasa nionyeshe, ipi kati ya hizi inahimili kutu?"

Msimamizi akatazama mistari, huku na huku. "Zote zinapendeza."

"Ndiyo hivyo. Zote."

Furaha ikamtoka usoni. Mtangulizi wake aliujua utaratibu; alipostaafu, hakuna aliyekumbuka kumweleza mpya, hata Mama Kutu mwenyewe. Hilo ndilo lililomkera zaidi: hata wa kumgombeza barabara hakumpata.

Mkuu wa kituo hakusaidia. "Chukua iliyozaa sana, tumalize."

"Na ikiteketea kwa mkulima?"

"Kwani umeona ikiteketea?"

"Sijaona chochote, mzee. Ndiyo shida yenyewe."

Mkuu akamruhusu kipande kidogo karibu na bomba la maji, apande upya kwa kumwagilia. Mbegu zikaota vizuri. Kilichokosekana ni ugonjwa. Akatoka na msimamizi kuomba kwa wakulima wa jirani majani yenye kutu ya kuambukizia mimea yake, na kila walikopita waliambiwa maharage ni mazima. Bibi mmoja alisimama kabisa mbele ya tuta lake, kanga kaitanua.

"Mnatafuta wagonjwa muwang'oe. Hapa hakuna."

"Bibi, nataka majani tu. Shamba langu limepona."

"Limepona, halafu unalia?"

Msimamizi akaangua kicheko, akakimeza alipoona jicho la mwenzake. Bibi akamkagua Mama Kutu tangu viatu hadi kichwa, kisha akasogea pembeni. Nyuma yake majani yalikuwa ya kahawia tupu.

"Beba," alisema. "Ila ukipata mbegu isiyougua, usipitilize kwangu."

Mama Kutu hakuahidi. Alichuma, akijaza mfuko, huku msimamizi akimshikia mdomo wa mfuko wazi.