Jina la Kanga kwenye Ubavu wa Michenzani

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya waandishi alikuwa ameshaamua kabla sijakaa kitini. Jioni ya usomaji wa hadithi itafunguliwa kwa sentensi moja iliyoandikwa kwa mwanga ukutani, na ukuta huo utakuwa wa nyumba kongwe ya Mji Mkongwe. Kazi ya kuchagua taa akanipa mimi. Nilikuwa mdogo kuliko wote mezani, na wazee wetu wa fasihi huamini kwamba vijana wamezaliwa wanajua mambo ya waya.

Nikasema naitaka sentensi hiyo Michenzani, kwenye maghorofa nilikozaliwa na ambako mama yangu anakaa mpaka leo.

"Mwanangu," alisema mwenyekiti, kwa upole wa mtu anayejua ameshashinda, "kule ni majumba ya watu tu. Nani atasoma?"

Nilikuwa na riwaya moja iliyochapishwa na nyingine njiani. Zote mbili niliziandika kwenye meza ya kulia chakula ya ghorofa ya tatu, Michenzani. Niliinuka nikaenda kutafuta taa.

Kiembe Samaki kuna bwana anayekodisha mitambo ya harusi. Alifunga mlango wa chuma wa ghala lake, na saa sita ya mchana ikageuka kiza. Mezani aliweka taa tatu za aina ile yenye shingo na kichwa, ambazo huzigusi. Unazielekeza kwa vitufe na kichwa kinageuka chenyewe, kama mtu aliyeitwa.

Ya kwanza ilitoa mwale mwembamba, mkali, ulionyooka kama fimbo.

"Hii inapiga mpaka uwanja wa ndege," akasema kwa fahari.

"Ushawahi kuipiga huko?"

"Mara moja. Walikuja watu kuniuliza."

Ya pili ilimwaga rangi. Ghala zima likawa zambarau, pamoja na mimi na yeye. Maharusi wanaipenda sana, alisema. Niliamini. Ukuta ukishapakwa zambarau huna haja tena ya kujua ni ukuta wa nani.

Ya tatu ilikuwa imefunikwa gunia. Ilikuwa nzito, ya zamani, feni yake ikikoroma. Ndani yake kuna nafasi ya kutia kisahani cha chuma kilichokatwa maandishi au maua, na kioo cha kuyafanya yasomeke vizuri, na mapazia manne madogo ya chuma yanayouziba mwanga kutoka kila upande.

"Hiyo mzee, dada. Chukua mpya."

"Hebu funga hayo mapazia."

Akabonyeza. Duara la mwanga ukutani likakatwa upande mmoja kwa mstari ulionyooka, likasimama pembeni ya kalenda iliyotundikwa pale. Kalenda ilibaki gizani. Hapo hapo nikajua. Ubavu wa jengo letu hauna dirisha, lakini ukipinda kona tu kuna vyumba, na ndani yake wamo wanawake waliovua mitandio yao na watoto waliolala. Mwanga wangu hautaingia kwa mtu bila ya hodi.

"Na maandishi yakiwa madogo?"

"Rudisha taa nyuma. Kila ukirudi, yanakua."

Jioni nilipita vichochoro vya Mji Mkongwe nikitafuta pa kurudi nyuma. Hapakuwa na hata mahali pamoja. Nyumba zimekaribiana hata watu wawili wenye vikapu wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Nikamwendea mwenyekiti nikamweleza: huku taa itaandika neno moja dogo, Michenzani kuna barabara pana na ukuta mtupu.

"Basi tutatia rangi tu," akasema.

"Rangi haisomeki, Mwalimu."

"Usomaji wetu uko Mji Mkongwe."

"Na taa yangu itakuwa Michenzani."

Akachukua kalamu akalifuta jina langu kwenye orodha ya wasomaji. Nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza.

Ilibaki sentensi. Zangu zote zilikuwa ndefu, na kisahani hakizidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Nikakumbuka kwamba wanawake wa kwetu walishalimaliza tatizo hili zamani. Maneno ya kwenye kanga, tunayoyaita jina, yanabeba ugomvi mzima katika mstari mmoja. Nikatunga la kwangu: MACHO YENU, NYUMBA YETU. Niliwakusudia wote wanaolitazama jengo letu bila ya kuona kitu.

Sonara mmoja alinikatia kwenye bati. Mara ya kwanza, matumbo ya A na O yalidondoka yote.

"Macho yangu hayana mboni," nikamwambia.

"Umesema nikate, nimekata. Tumbo la O halina pa kujishika."

Mara ya pili aliyaachia vidaraja vyembamba vya kuyashika. Sheha wa mtaa wetu alinipa ruhusa na saa ya kuzima, akauliza ni harusi ya nani. Baada ya sala ya isha niliiweka taa ng'ambo ya barabara, mama akakaa kwenye kiti pembeni yangu. Nikafunga mapazia mpaka kwenye kona ya ukuta, nikazungusha kioo, na maneno yakatoka kwenye ukungu yakasimama, kila herufi urefu wa ghorofa moja. Watu walitoka kwenye roshani zao. Jengo la mkabala lilijaa.

Humo anakaa jirani ambaye, tangu nna akili, hukaa kwenye roshani yake akihesabu nani kaingia na kikapu gani. Nilimwona akivuka barabara, kanga kichwani.

"Mie sikusoma sana," alimwambia mama, "lakini hilo nshalisoma. Ungenivalia kanga ningenyamaza. Mpaka kunipigia taa, Bi?"

"Wallahi si wewe, jirani. Mtoto huyu ana ugomvi na wazee wake wa vitabu."

"Wanakaa wapi hao?"

"Mji Mkongwe."

"Mbona maandishi yanatazama kwangu?"

"Shikamoo, Bi," nikaingilia. "Nimewasema wanaotutazama bila ya kuona kitu."

"Marahaba. Mie naona vitu vingi."

"Ndo tabu yenyewe," mama akasema.

Jirani akaondoka bila ya kuaga. Mama akanigusa mkono. "Izime, mwanangu. Yasije yakawa makubwa."

Nilimpenda mama yangu usiku ule kama siku zote, na sikuizima. Iliwaka mpaka saa niliyopewa na sheha, hata dakika moja sikuipunguza.

Asubuhi mama aliniita kwenye dirisha la kona. Kwenye roshani ya jirani ilikuwa imetandazwa kanga, imebanwa kwa vibanio pande zote isikunjike, jina lake limeelekezwa kwetu: NYUMBA HAINA PAZIA, MACHO YANA KOSA GANI.

Mama aliisoma kwa sauti. Akaisoma tena, akacheka mpaka akashika kizingiti. Kisha akaenda chumbani, akafungua sanduku lake la kanga, akaanza kuzitoa moja moja na kuzisoma akitafuta jibu. Mimi nikampigia simu yule bwana wa Kiembe Samaki, nikamwambia taa siirudishi leo.