Mgomba wa Mzee Feruzi

Watu wa hapa Masumbwe hupenda kujisifu kwamba hawana ubaguzi. Huwa nawasikia, nanyamaza. Lakini mimi Mama Salvina nilikuwa jirani yake Mzee Feruzi, na niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu haya mawili.

Feruzi alikuja na cherehani yake kutoka Tabora, yeye na mkewe Zuwena, kabla ya Operesheni Vijiji. Kijijini Waislamu walikuwa wao tu. Sisi wengine ni wa kanisani, wengine wa mizimu ya babu zao, na wengine wa pombe basi. Hata magauni ya komunio ya binti zetu alishona yeye, na hakuna aliyekataa kuvaa.

Zuwena alipofariki, mzee alimwosha peke yake ndani, mlango umefungwa. Watu wakachungulia kwenye nyufa! Kesho yake kijiji kizima kinasimulia eti Waislamu humkanda maiti ili afufuke. Ujinga mtupu. Jioni mzee akaniambia, "Mama Salvina, mke wangu nimemwosha mimi. Mimi nitaoshwa na nani?" Nikamwambia ahamie Kahama kwa wenzake. Akasema hawezi kuliacha kaburi la Zuwena likae peke yake.

Ndipo akaenda shuleni. Mwalimu mkuu, Leodgar, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kukwepakwepa. Akamwambia kipindi cha dini ni cha kila dhehebu na watoto wake, na yeye Feruzi hana mtoto hata mmoja pale.

"Basi nipe wote, mwalimu," mzee akasema. "Sitaki kumsilimisha mtoto wa mtu. Nataka wajue tu Mwislamu anaishije, na anazikwaje. Nikifa, nani atajua?"

Leodgar akampa Alhamisi, baada ya kulima shamba la shule, watoto wakiwa hoi. Na mtu mzima anayetaka kusikiliza akaruhusiwa.

Mzee akaeleza swala, akaeleza mfungo, akaeleza kwa nini hali nguruwe. Watoto wanasinzia. Kisha akaingiza kipande cha mgomba, urefu wa mtu, akakilaza mezani. Hapo wakaamka. Akaonyesha: unamstiri kwanza, unaanza kuume, unamwaga maji taratibu. "Usimgeuze kama gunia," akasema. "Huyu ni mtu!" Sanda nyeupe, vipande vitatu. Jeneza hapana. Analazwa kwa ubavu wa kulia, uso upande wa ziwa, kaskazini, maana Makka kutoka kwetu iko huko. Kabla ya hapo anaswaliwa kwa kusimama, takbira nne, na dua katikati.

Mayu wane, mama yangu mie, walivyocheka! Mtu mzima anaogesha mgomba! Tangu siku hiyo akawa Baba Mgomba. Akipita na mwavuli wake, watoto wanamwimbia hadi mlangoni. Na Alhamisi iliyofuata akarudi na mgomba mwingine. Akaendelea hivyo miaka.

Aliyemtesa kuliko wote ni Bujiku. Kazi yake ilikuwa kuchekesha walevi, na hakuwa na nyingine. Kila Alhamisi alikaa mbele kabisa, macho kodo, na mzee wa watu akafurahi kwamba amepata mwanafunzi. Kumbe jioni Bujiku anaubeba mgomba uleule hadi kilabuni! Anaiga sauti, anaiga kikohozi, anapayuka "Huyu ni mtu!" watu wanagaragara. Akifika kwenye dua, anaigeuza: anataja ugali, anataja kisamvu, anamalizia na maharage. Wanamjazia kibuyu. Nikamwambia, "Bujiku, hujafa hujaumbika!" Akanijibu, "Kwani mgomba nao unataka heshima?"

Siku moja mzee akapita pale kilabuni, akasimama, akatazama mchezo wote. Watu wakangoja amwage matusi.

"Umeanza kushoto, Bujiku," akasema. "Anza kuume."

Akafungua mwavuli, akaenda zake. Wakacheka hadi wakakosa pumzi.

Mzee alikufa masika ya mwaka themanini na mbili, alfajiri. Maji yalikuwa yameikata barabara ya Kahama, hakuna mtu wa kwenda wala wa kuja. Leodgar akaagiza seremala apige jeneza. Ndipo Bujiku akatokea, hajaonja pombe, macho mekundu.

"Mzee haingii kwenye jeneza," akasema. "Nipeni maji na kitambaa cheupe. Naijua kazi hii."

Kweli aliijua. Nani mwingine? Wakamzungushia mikeka uani, sisi wanawake tukabaki nje. Akaanza kuume, waliokuwa ndani walisema. Nikasikia mwanamume mmoja kicheko kimemponyoka, halafu wa pili, halafu wote. Mikono ni ileile ya kilabuni, wangejizuiaje? Bujiku akapiga kelele kwa kilio, "Jamani, huyu ni mtu!" Mungu wangu. Si ndilo neno walilolipenda? Kicheko kikapasuka, mikeka ikatikisika.

Wakamtoa amevishwa sanda vizuri, vipande vitatu. Bujiku akasimama mbele ya maiti peke yake, akainua mikono, akasema Allahu akbar. Safi kabisa. Kisha ikaja dua. Akafungua mdomo, akakaa hivyo. Ile ya mzee, Bujiku alikuwa ameizika mwenyewe siku nyingi chini ya mzaha wake. Alibakiwa na yake tu, na yake hakuweza kuitamka.

Sauti ikatoka nyuma yetu, na wala haikuwa ya mlevi:

"Maharage, Bujiku! Hapo unasema maharage!"

Nikageuka niwatukane, nikawakuta mpaka watoto wa shule wanaitikia. Bujiku akafunga mdomo. Akamaliza takbira zake bila neno katikati, tukamlaza mzee kando ya Zuwena, uso upande wa ziwa. Alihangaika miaka yote ile kutufundisha, na neno ambalo kijiji kizima kililijua bila kukosea ni maharage.